Ujuzi Hauji Ndani ya Sanduku

Mtu atokaye katikati ya mji wa Juba, akavuka Mto Nile kuelekea mashariki, akaipita Gumbo na kuishika barabara ya Nimule, huingia Sherikat. Jina hilo ni neno la Kiarabu lenye maana ya makampuni, nalo ni ndugu wa neno letu la Kiswahili, shirika. Kando ya barabara hiyo, ambayo lami yake ilikamilika mwaka 2012 kwa urefu wa kilomita 192 hadi mpaka wa Uganda, kumejaa maduka, gereji, bohari na vibanda. Malori yaliyopakia Mombasa na Kampala hupita hapo kila siku. Minara ya simu imesimama juu ya mapaa ya mabati. Na chini ya minara hiyo, katika vibanda vya mbao, wamo vijana wenye bisibisi ndogo mikononi, wakitengeneza simu, wakichaji betri za watu na kuuza vocha.

Mwandishi wa mazungumzo haya hupeleka simu yake kwa mmojawapo wa vijana hao. Siku moja, alipokuwa akingoja, aliona cheti kimetundikwa ukutani ndani ya mfuko wa nailoni ili kisiingie vumbi. Kilikuwa cheti cha shahada ya kompyuta, ambayo kijana huyo aliipata nchini Uganda. Alipoulizwa kwa nini haombi kazi ofisini, kijana alicheka, akatoa kwenye mtoto wa meza rundo la matangazo ya kazi. Kila tangazo lilitaka mtaalamu wa kompyuta, na kila tangazo lilitaka mtaalamu huyo awe na uzoefu wa miaka mitano au saba. "Kaka," alisema, "hiyo miaka mitano inauzwa duka gani, nikainunue?"

Ukivuka mto na kuingia maofisini utaambiwa maneno mengine kabisa. Utaambiwa kwamba wataalamu hawapatikani, kwamba nafasi imekaa wazi kwa miezi, kwamba mtambo umeharibika na fundi anangojewa kutoka Nairobi. Hapo ndipo penye kitendawili. Kazi zinalia hazina watu, na watu wanalia hawana kazi, na wote wamo katika mji mmoja.

Ndugu askari wa jeshi na polisi, jambo hili si la raia peke yao. Orodha ya mishahara yenu, pasipoti zinazotolewa na maofisa wenu, kumbukumbu za wahalifu na mawasiliano ya vikosi, yote hayo siku hizi huingia ndani ya kompyuta, na atakayeshindwa kuiendesha kompyuta hiyo ameshindwa kuiendesha kazi yenyewe. Kwa hiyo yafaa tujiulize, je, ni kweli kwamba tunakosa watu? Au tunakosa kitu kingine? Historia ya Afrika Mashariki inalo jibu.

Upungufu wa mafundi haukuanza na kompyuta. Mwaka 1896 Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Nyanza, waliwaleta kutoka India wafanyakazi wapatao 32,000. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, na waya wa simu ulikwenda sambamba nayo. Kwa miaka mingi wakuu wa stesheni, makarani na wapiga simu walikuwa kwa kawaida Wahindi na Wagoa, na Mwafrika alipewa sururu na koleo. Mkoloni alisema kwamba Mwafrika hajui kazi hiyo. Ni kweli hakuijua, lakini hata yule Mhindi hakuzaliwa akiijua. Reli ya kwanza ya India ilifunguliwa mwaka 1853, miaka 43 kabla ya ile ya Mombasa kuanza kujengwa. Mpiga simu aliyeshuka melini Mombasa alitoka katika nchi ambamo baba yake na mjomba wake walikwisha kukaa mbele ya mitambo ya namna hiyo, wakakosea, wakakemewa, wakajifunza. Ujuzi wake ulilelewa kazini. Mwafrika alinyimwa kile kiti cha kukosea na kujifunza, kisha akalaumiwa kwa kutojua.

Mambo yaligeuka wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kati ya mwaka 1939 na 1945, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki lilihitaji madereva, mafundi wa magari, makarani, na watu wa kupiga simu ya upepo, yaani redio ya siku zile. Uingereza haikuwa na watu wa kutosha kujaza nafasi zote hizo. Ghafla yule yule aliyeambiwa hawezi akaonekana anaweza. Vijana waliotoka mashambani na machungani walifundishwa kusoma alama za simu, kutunza betri, kutafuta kosa katika mtambo na kutuma habari bila ya adui kuielewa. Waliifanya kazi hiyo katika mvua na matope ya Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944.

Jeshi lile lilikuwa la mkoloni, na hatulisifu kwa nia yake. Lakini tuitazame njia lililoitumia. Halikutoa tangazo la kutafuta mpiga simu mwenye uzoefu wa miaka mitano. Lilimchukua kuruta, likamkalisha kando ya mtu anayejua, likampa mtambo wa kufanyia mazoezi, likamsahihisha kila siku mpaka akaweza. Vita vilipokwisha, wengi wa askari hao walirudi nyumbani wasipate kazi inayolingana na ujuzi wao, na uchungu huo ulikuwa mmojawapo wa moto uliochochea madai ya uhuru. Hivyo kizazi kile kilionyesha mambo mawili. Ujuzi hupatikana haraka pale ambapo mwenye kazi amekubali kufundisha, na hupotea haraka pale ambapo mwenye kazi hana nia ya kuutunza.

Sasa na tuje kwenye kompyuta yenyewe. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, nayo iliwekwa katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa mashine kubwa ya kutoka Uingereza. Nchi ilikuwa changa, ikitaka hesabu zake ziende kwa kasi na kwa usahihi, na nia hiyo ilikuwa njema kabisa. Lakini utaratibu wa kuzihamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ulipangwa na wataalamu wa kigeni, ambao waliijua mashine lakini hawakujua jinsi hesabu za wizara zilivyotunzwa. Makarani wa Kitanzania nao walizijua hesabu, lakini hawakuijua mashine. Kati ya makundi hayo mawili pakawa na shimo, na hesabu za taifa zikatumbukia humo. Kazi ilivurugika, fedha zilipotea, na wizara ikalazimika kuirudia njia ya zamani.

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini pasipo kibali maalumu. Tusiwacheke wazee wale. Waliona nchi maskini ikitumia fedha za kigeni kununua vitu isivyoweza kuviendesha, wakafunga mlango. Hata hivyo, marufuku ile haikuwa dawa ya ugonjwa. Kosa halikuwa ndani ya mashine, hata mashine ifukuzwe. Kosa lilikuwa kwamba hapakuwa na watu waliozijua hesabu na mashine kwa pamoja, na kwa kuzuia mashine, nafasi ya kuwapata watu hao ilizidi kuwa finyu. Marufuku ilipolegezwa katika miaka ya 1980, ulimwengu ulikwisha kwenda mbele, na vijana wengi wakaanza alifu upya.

Hili shimo la kati, ndugu msikilizaji, ndilo jambo kuu tunalotaka ulikumbuke. Adimu kuliko wote ni mtu aijuaye kazi na kuijua mashine pia. Mtu huyo haletwi na mwenye kuuza mashine. Hufinyangwa mahali pa kazi, kwa muda, na kwa uvumilivu wa wakubwa wake.

Vyuo vikuu vilijitahidi. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha taasisi ya kompyuta mwaka 1985, ambayo mwaka 2005 ilipandishwa kuwa kitivo kamili. Vyuo vya Kenya na Tanzania navyo havikubaki nyuma. Kisha mwezi Machi 2007 ikazaliwa nchini Kenya huduma ya M-Pesa, ambayo ilimwezesha mtu asiye na akaunti ya benki kutuma fedha kwa simu ya mkononi. Ulimwengu mzima ulistaajabu. Lakini ni vizuri askari ajue pia upande wa nyuma wa sifa hiyo. Programu ya kwanza ya M-Pesa iliandikwa Uingereza, na mitambo iliyohifadhi kumbukumbu zake ilikaa Ujerumani. Shilingi aliyoituma mama wa Kisumu kwa mwanawe aliyeko Nairobi ilikwenda Ulaya kwanza, ndipo ikarudi. Mitambo ilihamishiwa Kenya mwaka 2015, miaka minane baadaye. Katika miaka hiyo minane Wakenya walikuwa wakiiendesha huduma hiyo kila siku, wakiyajua matatizo yake, wakijaza lile shimo la kati kidogo kidogo. Mitambo ilihama baada ya ujuzi kukomaa.

Kutokana na sifa hizo, waajiri wa nchi za mbali walianza kuitazama Nairobi na Kampala kama masoko ya wataalamu. Kampuni iitwayo Andela, iliyoanzia Lagos mwaka 2014, ilifika Nairobi mwaka 2015 na baadaye Kampala. Shabaha yake ilikuwa ya kupendeza. Iliwachagua vijana wenye akili, ikawafundisha kwa miezi kadhaa huku ikiwalipa, kisha ikawaazima kwa makampuni ya Marekani wafanye kazi wakiwa huku huku nyumbani. Lakini mwezi Septemba 2019 kampuni hiyo ilitangaza kuwapunguza vijana wake wa daraja la chini wapatao 400 katika nchi za Nigeria, Kenya na Uganda. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wateja hawawataki tena wanaoanza, wanawataka waliokwisha kukomaa. Kwa hiyo hata wale waliokuwa wamejenga daraja la kumvusha mwanafunzi, soko liliwalazimisha kulivunja.

Huo ndio mwelekeo wa ajira ya kompyuta ulimwenguni leo. Kila mwajiri anataka kuvuna, na wachache wanataka kupanda. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, mashine za akili bandia zilipoanza kutumiwa na watu wote, hali imezidi kuwa ngumu kwa anayeanza, kwa sababu zile kazi ndogo ndogo alizopewa mwanafunzi ili ajifunzie, mashine huzifanya kwa dakika chache. Wakati huo huo zipo kazi nyingine zinazoitwa za kompyuta ambazo hazimwachii mtu ujuzi wowote. Mwaka 2023 vijana zaidi ya 180 waliokuwa wakichuja picha na maneno mabaya ya Facebook mjini Nairobi walikwenda mahakamani, wakilalamikia kuachishwa kazi. Walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta kutwa kwa miaka, na walichobeba walipotoka ni majeraha ya moyo. Basi tusidanganyike. Kukaa mbele ya kompyuta na kuijua kompyuta ni mambo mawili.

Baada ya safari hiyo turudi nyumbani. Nchi yetu haikuanza safari hii pamoja na jirani zake. Makerere ilipoanza kufundisha kompyuta mwaka 1985, sisi tulikuwa mwaka wa pili wa vita vilivyoanza 1983. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa mwaka 1975, kililazimika kuhamia Khartoum kwa sababu ya vita hivyo. Watoto wetu walisoma chini ya miti, au katika kambi za wakimbizi kama Kakuma nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992. Huko ndiko wengi wetu tulikokichukua hiki Kiswahili tunachozungumza, na huko ndiko baadhi yetu tulikoona kompyuta kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo si kweli kwamba tulikaa bila ujuzi wowote. Wapiganaji wa zamani wanaosikiliza mazungumzo haya wanawakumbuka watu wa redio. Katika msitu usio na barabara, redio ya masafa marefu ndiyo iliyokuwa barabara. Aliyeibeba alijua kutandika waya juu ya mti, kuchagua masafa kwa saa za mchana na saa za usiku, kuipunguzia betri kazi ili idumu, na kusema kwa maneno ya siri. Vivyo hivyo, misaada ya mpango wa Operation Lifeline Sudan, ulioanza 1989, na ndege zake zilizoruka kutoka Lokichoggio, isingeweza kwenda bila watu waliokaa kando ya redio katika viwanja vya udongo. Watu hao hawakuulizwa vyeti. Kijana alikaa kando ya mkubwa wake miezi mingi, akimbebea betri, akimsikiliza, mpaka siku moja mkubwa akaumwa au akafa, na kijana akashika mtambo. Ile ilikuwa shule, ingawa haikuwa na ubao.

Amani ilipotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, kila kitu kilikuja kwa mkupuo. Simu za mkononi zilikuja, na kampuni moja ya Juba ilitumia namba ya Uganda, 256, kwa sababu hatukuwa na yetu. Mwaka 2006 benki ya KCB ya Kenya ilifungua milango yake Juba, na nyingine zikafuata, kila moja ikija na mitambo yake. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Julai 2011, tulipewa namba yetu wenyewe, 211, katika mwezi huo huo. Namba ilikuja kwa siku chache. Watu wa kuuendesha mtandao ulio nyuma ya namba hiyo hawawezi kuja kwa siku chache. Wakenya, Waganda, Waethiopia na wengine walijaza nafasi hizo, nasi tunawashukuru, kwa kuwa bila wao simu zisingelia.

Lakini wivu nao ulizaliwa, na wivu huo una sababu. Mwezi Septemba 2014 Wizara ya Kazi ilitoa waraka ulioyataka makampuni na mashirika yaziache nafasi kadhaa wazi kwa wananchi ifikapo katikati ya Oktoba, zikiwamo za mameneja wa utumishi, makatibu na wapokea wageni. Kelele zilipanda ndani na nje ya nchi, na siku chache baadaye serikali ikafafanua kwamba haiwafukuzi wageni. Waraka ule ulitoka katika shauku halali ya kuwapatia wananchi kazi. Lakini tunaona ndani yake kosa lile lile la mwaka 1974. Kumwondoa mgeni kwenye kiti hakumfanyi mwananchi ajue kazi ya kiti hicho. Kama mgeni huyo angepewa miaka miwili na vijana wawili wa kukaa kando yake, na mkataba wake usemao kwamba hatalipwa malipo ya mwisho mpaka vijana hao waweze, basi angeondoka kwa amani na kazi ingebaki.

Yapo mambo mengine yaliyotufundisha kwa ukali zaidi. Kwa miaka mingi baada ya bendera yetu kupanda, ndege zilizopita katika anga letu la juu ziliendelea kuongozwa kutoka Khartoum, kwa kuwa hatukuwa na mitambo wala waongozaji wa kutosha. Pasipoti zetu za kisasa zilizinduliwa mwaka 2012. Mwaka 2017 utoaji wake ulisimama kwa muda, baada ya kampuni ya Ujerumani iliyohudumia mtambo huo kuzima huduma kwa ajili ya deni. Ndugu askari polisi wa uhamiaji, nyinyi mnakumbuka foleni za siku zile, na mgonjwa aliyetaka kwenda kutibiwa Nairobi akaambiwa arudi kesho. Tunataja habari hiyo si kwa kumtafuta mwenye makosa. Mwenye kudai alidai chake. Tunaitaja ili ionekane wazi kwamba ulinzi wa nchi haupo mpakani na kwenye vizuizi vya barabara tu. Mlango unaofunguliwa na kufungwa na mtu aliye mbali ni mlango wa nani?

Mwaka 2020 mkongo wa mawasiliano ulifika Juba kutokea mpaka wa Uganda, ukifuata njia ile ile ya Nimule, ukapita Sherikat yetu. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti kwa gharama kubwa. Mkongo umekuja, minara imekuja, mitambo itaendelea kuja. Mitambo hufika ndani ya masanduku, na kila sanduku lina kitabu cha maelezo. Ujuzi haumo ndani ya sanduku.

Tufanye nini, basi? Ushauri wetu kwa vyombo vya ulinzi ni wa mambo matatu.

Jambo la kwanza, tuanze na watu tulio nao. Katika kila kituo cha polisi yupo sajenti ambaye analijua daftari la matukio kama anavyoijua njia ya kwao. Anajua kesi ipi imelala, jalada lipi limekosewa namba, shahidi yupi amehama. Katika kila kikosi yupo karani au mwekahazina ambaye anajua nani yuko gwarideni na nani ni jina tu kwenye karatasi. Watu hawa tayari wana nusu ya ujuzi, na hiyo ndiyo nusu isiyofundishwa chuoni. Kumfundisha sajenti huyo kompyuta ni kazi ya miezi. Kumfundisha mwenye shahada ya kompyuta yote ayajuayo sajenti ni kazi ya miaka. Lililo bora kabisa ni kuwakalisha pamoja, yule kijana wa Sherikat mwenye cheti ukutani na yule sajenti mwenye daftari, kila mmoja akiwa mwalimu wa mwenzake. Pale Dar es Salaam miaka ya 1960 shimo lilikuwa kati ya watu wa namna hiyo wawili.

Jambo la pili, anayefundishwa atunzwe. Tunajua hoja inayotolewa maofisini, kwamba mtu akifundishwa ataondoka, atachukuliwa na kampuni ya simu au shirika la misaada kwa mshahara mkubwa zaidi. Hoja hiyo ina ukweli. Mishahara ya watumishi wa serikali imechelewa kwa miezi mingi katika miaka ya karibuni, na fundi naye ana watoto. Lakini kumwacha mtu mjinga ili asiondoke ni sawa na kumfunga ng'ombe asiyekamuliwa. Askari mwenye kufundishwa na atie saini mkataba wa kutumikia miaka kadhaa, kama wafanyavyo marubani na madaktari wa majeshi mengi. Na apande cheo kwa ajili ya ujuzi wake, asilazimike kuuacha mtambo ili apate kuitwa ofisa. Na kabla hajaondoka, awe ameacha watu wawili nyuma yake.

Jambo la tatu, kusiwe na mtambo unaonunuliwa bila mafunzo kuandikwa ndani ya mkataba, yakiwa na majina ya wananchi watakaofundishwa na tarehe watakayokabidhiwa funguo. Hata bunduki haitolewi bohari bila ya jina la mwenye kuipokea. Iweje mtambo wenye majina ya kikosi kizima ukabidhiwe kwa mtu asiyejulikana?

Wapo watakaosema kwamba nchi yetu ina mashaka makubwa zaidi ya haya, yaani njaa, mafuriko, na amani ambayo mkataba wake wa mwaka 2018 bado unahitaji kulindwa. Hatubishi. Lakini tukumbuke kwamba orodha sahihi ya askari ni sehemu ya amani hiyo. Mwezi Agosti 2022 vikosi vya kwanza vya majeshi yaliyounganishwa vilihitimu hapa Juba, vikapita mbele ya kaburi la Dakta John Garang. Kila aliyepita pale ni jina, ni namba, ni alama za vidole, ni mshahara. Askari ambaye jina lake limepotea ndani ya kompyuta ana njaa sawa na yule ambaye mahindi yake yamechukuliwa na maji, naye ana bunduki.

Ndugu msikilizaji, yule kijana wa kibandani angali pale. Wiki iliyopita alikuwa na mwanafunzi kando yake, mtoto wa jirani, anamwonyesha jinsi ya kushika bisibisi bila kuchana waya. Mtoto alikosea, simu ya mtu ikazima, na kijana akatulia, akamwambia aanze tena. Hakumtaka mtoto huyo uzoefu wa miaka mitano. Anampa siku ya kwanza ya miaka hiyo. Neno shirika, tulilosema mwanzoni kuwa ni ndugu wa Sherikat, limezaa pia neno kushirikiana. Kama kibanda kimoja cha mbao kinaweza kumshirikisha mtoto ujuzi kidogo kilicho nao, jeshi na polisi wa nchi nzima, wenye mafundi, madarasa na nidhamu, hawana sababu ya kushindwa.